Hukuichoma Wewe, Papa Kalenga

Papa Kalenga,

Nina hasira, na sitangoja ipoe ndipo nikuandikie. Wiki tatu tu tangu tukuzike, na jana shefu wetu wa kazini alikusingizia mbele ya mke wako.

Mama Véro alikuja ofisini kuchukua miwani yako. Shefu hakumpa hata kiti. "Mama, ni programme ya bwana yako ndjo ilichoma pompe," akamwambia. Na mama akaomba msamaha! Mjane, kitambaa cheusi kichwani, anaomba msamaha kwa kosa lisilo lake wala lako. Marehemu hajitetei, na shefu analijua hilo vizuri.

Wewe unajua ulivyoiandika. Programu inakiuliza kipimo cha kisima kama maji yapo, halafu inalala ikingoja jibu. Kabla haijalala, unaitegea kengele ya sekunde thelathini: jibu lisipokuja, kompyuta inaiamsha, nayo inazima pampu. Miaka minne watu wa mtaa wa Makomeno wamechota maji, pampu haijaungua.

Nawe pia nimekukasirikia. Jambo kubwa kama lile la kengele hukuliandika popote. Ulilisema tu, mkate umejaa mdomoni: "Mutoto, programme moya, kengele moya. Ukitega ya pili, ya kwanza inakufa." Nikacheka, nikadhani ni utani wako. Kwa nini hukunigombeza? Na kile kifua kilichokuuma mwezi mzima, kwa nini ulikificha?

Tulipokwisha kukuzika, shefu akataka programu imtumie ripoti kila saa. Nikaitegea kengele ya saa nzima, mstari mmoja chini ya ile yako. Ndiyo, Papa, ni mimi. Yako ikafutika palepale. Siku kipimo kiliponyamaza, programu ikabaki inangoja kengele ya saa nzima, pampu ikazunguka kavu mpaka ikatoa moshi. Sasa wamama wanabeba vidumu kutoka mbali, wanalitukana jina lako. Mchuma janga hula na wa kwao: nimechuma mimi, nimekulisha wewe na mkeo.

Na jana nilikuwa pale pale, nimesimama nyuma ya shefu, nikanyamaza. Nusu ya hasira hii ni yangu mwenyewe.

Pumzika, Papa. Kesho asubuhi nakwenda kwa shefu. Akinifukuza, na anifukuze. Lakini kwanza napita kwa Mama Véro, nimpigie magoti. Ule msamaha aliouomba ulikuwa wangu.

Mutoto wako wa kazi,
Nadège