Mzungu Aliyefumba Macho

Mabawe, Ngara
Agosti 1995

Dada yangu mpendwa Deodata,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Nyamigogo, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku tunapumua. Kifua cha mama kimetulia, na baba yuko kwenye kuvuna kahawa.

Uliuliza habari za Iteka, yule kijana Mrundi aliyekuwa akitulimia migomba na kulala jikoni. Nitakueleza, ila ukishasoma, choma barua hii.

Alivuka mpaka na kaseti moja ya muziki wa roki. Kwenye kava wamesimama Wazungu wanne mbele ya nyumba yenye madirisha matatu, mmoja amefumba macho. Alfonce mwenye duka, unajua alivyosoma seminari akarudishwa, alipoiona alisema huyo aliyefumba macho alikwisha kufa, na wenzake wanamficha na kutoa habari zake kwa mafumbo. Mwanzoni tulicheka. Vijana walijaa dukani kutafuta alama: vifungo vya koti, kivuli, kiatu kisicho na kamba. Iteka alifurahi, maana hapo ndipo watu walipoanza kumwita kwa jina lake.

Kisha majambazi walimvamia mzee Bernardo wakamuua. Nyumba yake ina madirisha matatu. Alfonce akatangaza kwamba kava lile ni ramani ya wauaji. Akaifungua kaseti kwa bisibisi, akageuza utepe ili nyimbo zitoke kinyumenyume, akaitia kwenye redio ya dukani, na watu wakasikia "Mabawe, Mabawe". Mimi nilisikia kama mtu anakoroma, lakini hakuna aliyeniuliza.

Walimtoa Iteka shambani, baba akiwa mbele, wakamsimamisha barazani pa duka, wakamtaka atafsiri. Alidhani ni mchezo ule ule, akatabasamu.

"Ni nyimbo tu," alisema. "Hata mimi Kiingereza sijui."

"Kama hujui, mbona unaimba?" Alfonce alimuuliza.

Baba ndiye aliyeleta kamba ya ng'ombe. Walimpiga huku redio ikiendelea kukoroma, na betri zilipoisha yeye alikuwa amekwisha kufa. Tukakubaliana tuseme aliangukiwa na mti.

Baadaye majambazi walikamatwa wakiwa na baiskeli ya Bernardo. Ni watu wa hapa hapa, kaseti ile hawajawahi kuisikia. Alfonce anasema hata hilo lilikuwemo kwenye wimbo, ila tulilisikia vibaya. Watu wanaitikia kwa kichwa. Baba pia.

Sasa dada, kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Nina mimba ya Iteka. Hajui mtu, hata mama. Alfonce ameleta posa, baba amekubali, na mimi nimekubali. Harusi ni mwezi ujao. Usinionee huruma. Mtoto wa Iteka atakula kwenye duka lile na kuitwa kwa jina la Alfonce, na Alfonce atambeba mgongoni mbele za watu.

Njoo mapema unifunge khanga vizuri. Na nitakapojifungua, wataanza kuhesabu miezi. Waambie kwamba wanawake wa ukoo wetu huzaa kabla ya wakati, hata wewe ulizaa hivyo. Sema bila kusitasita. Watu wa huku wakiambiwa huamini.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na Mungu akulindie nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako,
Koleta