Injini Imewashwa Tena

Mume wangu, Baba Zuhura,

Nakuandikia ingawa najua hakuna wa kukupelekea. Huku tu wazima, ikiwa uzima ni kula na kulala.

Tangu homa ikuchukue nimekaa ndani, eda bado ndefu. Watu wanakuja, wanalia, wanaondoka. Mimi silii. Juzi nilishika sufuria ya moto kwa mkono wa kushoto, nikaitua taratibu, na malengelenge niliyaona baadaye.

Ulipoondoka, injini yako ya umeme ilinyamaza. Stesheni na karakana ya reli zikarudia vibatari, na mapipa ya mafuta yaliyoshushwa na treni yakabaki juani. Zuhura tulimpeleka kwa jirani kule mtaa wa Kikuyu siku ya maziko. Aliporudi akauliza mbona baba hawashi taa. Nikasema baba anaumwa. Maneno yalitoka tu.

Kisha Mjerumani wa karakana akampa kazi yako Mlewa, mliyekuwa mkitia mafuta pamoja naye. Alasiri ile injini ikaanza kudunda. Ulinieleza siku moja ukicheka, mafuta yanaingia meusi, yanazungusha gurudumu, na mwanga unatoka hauna hata moshi. Basi taa za stesheni zikawaka, na mwanao akapiga makofi uani.

"Baba kapona!"

Wageni wote wakanigeukia.

Ulimzoesha wewe: "Ukisikia kimya, chungulia njiani." Sasa kila baada ya isha, injini ikizimwa, anasimama mlangoni mpaka anasinzia. Namlaza. Asubuhi anauliza kama ulikuja yeye amelala, nami naitikia ndiyo.

Jana Mlewa alikuwa anapita kurudi kwake. Zuhura akamkimbilia gizani, akamkumbatia miguu, kwa ile harufu ya mafuta. Mlewa na utu uzima wake akashindwa hata kutusalimia mbukwa. Alilia palepale njiani. Mimi nilitazama kama mambo ya nyumba nyingine. Lakini leo nimeona haya, kwamba nimemwachia mtu baki kulia badala yangu.

Kesho alasiri kaka yangu atampeleka Zuhura kwenye injini, amwone anayeiwasha. Kabla hawajatoka nitamwambia mwenyewe. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, mume wangu. Mungu akuweke pema.

Baba Zuhura amekufa. Mdomo wangu haujalisema neno hilo hata mara moja. Nimeanza na mkono.

Mkeo,
Mama Zuhura