Zimwi la Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeitwa mwalimu! Mama Mdogo kanipa kazi kwenye chekechea yake mpaka matokeo yangu ya mtihani yatoke. Wakaguzi wanakuja Ijumaa, wanataka kuona watoto wamefundishwa kujihadhari na umeme. Somo hilo ni langu. Mbele ya wakubwa sauti hunikauka. Mbele ya hawa wa miaka minne — haikukauka.

Pembeni ya kabati la midoli kuna soketi isiyo na kifuniko, nyaya ziko nje kama utumbo wa kuku. Nikamwambia Mama Mdogo. Fundi ataitwa, akasema, kwa sasa chora picha kubwa uibandike hapo. Funika kombe mwanaharamu apite! Akacheka. Nami nikacheka.

Jumanne, 4 Machi

Nimechora zimwi, nikalibandika juu ya soketi. Macho mekundu, meno ya msumeno, nywele za waya. Sijawahi kuchora vizuri hivi. Nikawaambia: linaishi ukutani, ukiligusa linang'ata. Mwenzako aking'atwa usimguse, mwite mkubwa azime swichi kuu. Tuliimba hayo mpaka makoo yakauma.

Kikongwe — tunamwita hivyo maana anaongea kama bibi kizee — akanyoosha mkono.

"Mwalimu, linakula nini?"

"Linakula watoto watundu."

Akafikiri. "Lakini sisi wote tuna adabu. Basi lina njaa."

Nilicheka mpaka machozi.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi hajaja. Nimeuliza tena, nikiwa mlangoni, kwa kile kisauti changu. Mama Mdogo alikuwa kwenye simu akitafuta maua ya kuwapokelea wakaguzi. Kanipungia mkono nitoke. Nikatoka. Kutoka ndiko ninakokujua.

Ijumaa, 7 Machi

Wakaguzi wamelisifu zimwi. Mmoja kalipiga picha kwa simu! Hakuna aliyeinua karatasi. Mimi nilisimama palepale nikitabasamu.

Jumatatu, 10 Machi

Kikongwe yuko hospitali. Yuko hai. Yuko hai. Siwezi kuandika.

Jumanne, 11 Machi

Ilikuwa saa ya kula. Alibakiza chakula makusudi. Akainua karatasi kwa chini, akalilisha zimwi. Kwa kijiko cha chuma.

Nilimwona anatetemeka nikamkimbilia, mkono nimeunyoosha — wakanipigia kelele darasa zima: "Mwalimu, usimguse! Zimeni swichi!" Mpishi akasikia, akaishusha. Somo liliwaingia wote. Isipokuwa aliyelifundisha.

Fundi alikuja jioni ileile. Dakika kumi, kwisha. Akauliza ni nani huyo aliyebandika karatasi juu ya waya wenye moto. Mama Mdogo akanitazama. Akaendelea kunitazama.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika darasani, watoto wako nje. Mama Mdogo kanipa barua iliyokwisha chapwa: soketi ilikuwa na kifuniko, mtoto alikibandua, mwalimu hakuwa makini. Imebaki sahihi yangu tu. Anasema mimi bado mdogo, watanisamehe. Yeye akifungiwa shule, sote tutakwenda wapi? Nani alinisomesha? Nimlipe hivi? Kweli, alinisomesha yeye. Ndiyo maana inauma.

Mama yake Kikongwe yuko ofisini na Mama Mdogo. Ni mshonaji, sare zote za hapa kazishona yeye. Ukuta ni mwembamba, nasikia kila kitu. Hakuja kugombana, anasema. Aliwakabidhi mtoto mzima, anataka kujua tu.

"Mwalimu wake mwenyewe atakueleza, dada yangu," Mama Mdogo anamjibu. Sauti laini kama mafuta.

Nilimwambia mara mbili. Ningesema mara ya tatu. Ningeichana picha mwenyewe! Lakini ilikuwa nzuri, na walinisifu.

Kikongwe kaingia peke yake. Karuhusiwa leo asubuhi. Bandeji mpaka kwenye kiwiko. Kakaa kwenye kiti chake kilekile, akautazama ukuta, pale penye kifuniko kipya cheupe. Kisha akanivuta sikio kwa mkono mzima.

"Mwalimu, lilishiba?"

Wananiita ofisini. Barua hii hapa, kalamu hii hapa. Na sauti —