Zege Hili Halijaiva

Makina, Kibera
Ijumaa, 13 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Kageha,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti lako limepoa na mvua ya huko Mbale imeyaachia mahindi yako. Sisi huku tu wazima, ila usingizi umenipungukia.

Uliuliza kama chumba alichopata binti yako Valentine kule Kawangware ni kizuri. Kipo chini, katika jengo la Bwana Mburu, ambalo mimi ni msimamizi wa mafundi wake. Anahamia Jumapili. Isome barua hii hadi mwisho kabla hujampigia simu.

Unajua kwamba kwa miaka ishirini na minane sijakosa kazini hata siku moja. Bwana Mburu alinisifu kwa hilo. Lakini tangu Machi alikuwa akisimama langoni kila asubuhi na kutuuliza tarehe, kana kwamba hatuijui. Alisema atakayemchelewesha atafute mjengo mwingine. Mafundi wakaanza kukosea vipimo walivyovijua tangu ujana wao. Mimi nikaacha kula mchana.

Desturi yetu ni hii: zege la dari likishamwagwa, hushikiliwa na nguzo za miti kwa wiki tatu. Kabla nguzo hazijaondolewa, msimamizi hupanda, huligonga kwa nyundo na kusikiliza. Likilia kwa mlio mkavu, husema, "Limeiva." Hakuna anayegusa nguzo kabla ya neno hilo.

Siku ya kumi na moja, Bwana Mburu aliniamuru nikagonge. Fundi mmoja, Eugene, alichutama kando yangu. Akaniita mzee kwa Sheng yao: "Mbuyu, hii zege haijaiva. Inalia ka uji kwa sufuria." Nilimgeukia nikamwambia kwamba zege si chai, aseme "zege hili halijaiva". Akavua kofia kama mwanafunzi, akapaza sauti: "Zege hili halijaiva, mwalimu!" Mafundi wote wakacheka. Aibu ikanishika, nikasema, "Limeiva." Nguzo ziliondolewa siku hiyo hiyo, na Eugene akafukuzwa.

Tangu hapo familia nane zimehamia chini ya dari hiyo, na juu yake mawe ya ghorofa yanaendelea kupangwa. Kuna ufa. Jumatatu ulikuwa kama unywele. Leo ncha ya mwiko imeingia. Milango miwili haifungiki. Nilimwomba Valentine asubiri. Akacheka, akasema, "Anko, nyumba umejenga wewe mwenyewe, niogope nini?"

Dada, sikulisikia zege lile. Sikio langu la kushoto liliharibiwa na kelele za mashine mwaka jana, na la kulia husikia tu mtu aliye karibu. Ndiyo maana sipokei simu zako. Nilificha, kwa sababu msimamizi asiyesikia nyundo hana kazi. Eugene alisikia hatari. Mimi nilisikia sarufi.

Jirani yangu Morris anaondoka na barua hii sasa, akufikie kesho asubuhi. Mwite Valentine nyumbani. Wewe hawezi kukukatalia. Nami nikishamkabidhi Morris, ninakwenda Kawangware kugonga milango minane. Wataniuliza ni nani amesema wahame, maana mwenye nyumba hajasema. Nitawaambia ni yule aliyesema limeiva.

Wasalimie shemeji na wote wa nyumbani, na mniombee nikute milango yote minane imesimama.

Ni mimi kaka yako,
Shivachi