Uso wa Neema Katika Ukungu wa Skrini

Jumatatu, 3 Novemba
Nimetoka shifti saa tisa. Chai, kisha picha. Wiki ya pili sasa, kwenye kompyuta, namsafisha Neema, binti wa Mama Neema wa kanisani kwetu hapa ughaibuni, Peckham. Alifariki Bukavu akiwa na miaka sita. Picha yake ni hii moja tu. Mama aliivusha mipaka ndani ya kiatu. Imejaa madoa. Jumapili ni ukumbusho wake, anaitaka kubwa. Kabla ya kwenda maombi nimeruhusu Linux, mfumo wa kompyuta yangu, ijisasishe, na kernel mpya, kiini cha mfumo huo, ikaingia.

Jumanne, 4 Novemba
Kompyuta imewaka, ila skrini si ile. Kila kitu kikubwa, kimefifia, kama naangalia kupitia mvuke wa sufuria. Kwenye orodha ya vipimo vya skrini kimebaki kimoja, 1024 kwa 768. Vikubwa vyote vimepotea. Nimebadilisha kebo. Wapi.
Nimeendelea hivyohivyo. Ajabu, ukungu ule ulikuwa mtamu. Neema alionekana kama anapumua. Nilifuta doa baada ya doa, kama mtu anayeota.

Jumatano, 5 Novemba
Mvua. Ukungu bado. Uso umekamilika, laini kama maziwa. Nimejisifu.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimempelekea Mama Neema nakala saluni anakosafisha. Ameishika muda mrefu.
"Dada, huyu haiko Neema."
Nikamuuliza kuna kasoro gani.
"Sijui. Ni mutoto muzuri. Lakini haiko wangu."
Akanirudishia kwa mikono miwili. Nimerudi kwa miguu. Naona aibu.

Ijumaa, 7 Novemba
Off, sina shifti. Nimewasha upya, nikafungua menyu ya kuwashia, nikachagua kernel ya zamani. Vipimo vyote vikarudi. Kumbe dreva, programu inayoiongoza skrini, haikusakinishwa kwa ile mpya. Kazi hiyo ilikuwa yangu.
Nikafungua picha ya asili, nikaikuza. Chini ya jicho la kushoto, doa moja halikuwa doa. Alama ya kuzaliwa. Nimeifuta Jumanne, nikiwa na raha zangu.
Nimelia. Kisha nimeirudisha, kidogo kidogo, hadi jioni.

Jumamosi, 8 Novemba
Mama Neema amekuja mwenyewe. Nimempa picha. Kidole chake kikaenda chini ya jicho, kikatulia hapo.
"Hii nilikuwa naibusu kila asubui," akasema. "Nilikuwa nimeisahau."
Nikakiri kwamba ni mimi niliyeifuta.
"Basi tulikuwa wawili."
Chai imepoa mezani. Hatukuigusa.

Jumapili, 9 Novemba
Ibada imeisha salama. Tumerudi kwa basi, ghorofa ya chini, mimi nyuma yake. Picha ameiweka kwenye kiti cha pembeni, uso ukitazama mbele. Basi lilijaa. Watu walisimama. Hakuna aliyeomba kiti kile.