Mikono Iliyotetemeka Saa Saba Mchana

Mjomba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini sikuzoea kuanza na wewe bila hiyo.

Kibanda chako cha kushona hapa Chanji bado kipo. Cherehani tumeifunika. Ile meza ya kukatia vitambaa, tuliyochezea karata wateja wakipungua, naikwepa. Jumapili Mwalimu na Mzee Kasiani walinibembeleza tucheze, tuwe watatu tu. Mkono umezoea, Mjomba. Niligawia watu wanne. Karata zako zikakaa mbele ya kiti chako na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Nikazitia mfukoni, nikaondoka nazo. Wanalalamika nimewaharibia mchezo, na ni kweli. Sijazifunua hadi leo.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma watu. "Za kwako umeshaziona, mwanangu. Mtazame mwenzio anavyozishika." Mwalimu akipata mbovu huanza soga. Mzee Kasiani akiwa na turufu huacha kukohoa. Na mikono ikitetemeka, ulisema, huyo haogopi, huyo ana karata nzuri. Ila baridi ya Sumbawanga hutetemesha kila mtu, kwa hiyo nijifunze kutofautisha. Nilipuliza makaa ya pasi yako, adhabu ya aliyeshindwa, karibu miaka miwili kabla sijajua kutofautisha. Halafu ukaniwekea sheria: ukishamsoma mtu, funga mdomo. Ukimwambia, atajificha.

Siku ile mikono yako ilitetemeka. Tulikuwa upande mmoja, mimi na wewe. Nikafurahi, nikatupa turufu yangu ya mwisho, nikijua utamalizia. Ukaweka zako chini. Takataka tupu.

"Baridi hii," ukasema, ukavuta koti.

Ilikuwa saa saba mchana, Mjomba! Mwalimu alikuwa amevua sweta. Nilikutazama na nikajua kabisa si baridi, unaumwa, unatuficha. Nikafunga mdomo kama ulivyonifunza. Nikaenda kupuliza makaa. Siku ya nne tukakuzika.

Watu wananiambia hata ningesema, isingesaidia. Wakisema hivyo wanatazama pembeni. Ona ulivyonifanya, nawasoma hata wanaonifariji. Nina hasira na wewe. Nina hasira na mimi zaidi.

Kila jioni nampitia Mama Devota. "Nimeshakula, mwanangu," ananiambia, huku anakunja na kukunjua pindo la khanga. Mkeo hajala. Nimemsoma tangu wiki iliyopita, nikamuaga, nikaenda zangu.

Pumzika, Mjomba. Karata zako nitazirudisha mezani bila kuzitazama, na sheria yako nitaiacha hapo hapo pamoja nazo. Kesho naingia jikoni kwake, nasonga ugali wa ulezi, nakaa mbele yake. Nitamwambia: Mama Devota, hujala. Nimekuona.

Mpwa wako,
Skola