Fasi Yako Pale Kansanga

Kaka yangu Bahati,

Mvua inanyesha hapa Kasubi tangu asubuhi, nami nimekaa kitandani na besi mapajani bila kuichomeka popote. Unajua inavyokuwa ukiipiga hivyo. Huisikii kwa masikio, unaisikia kwa kifua. Kila nikigusa uzi mnene nakuona pale pembeni ya ngoma, umefumba macho kama mtu anayesinzia kanisani, na kumbe ndiye anayewabeba wote.

Nakuandikia kwa sababu Mama Feza, kiongozi wetu wa kwaya kanisani Kansanga, ameniuliza swali linalokuhusu, na anataka jibu Jumamosi kwenye mazoezi. Nitalifikia. Niache nizunguke kidogo kwanza, maana wewe mwenyewe hukuwahi kufika kwenye jambo bila kuzunguka.

Nimekumbuka kibanda cha fundi Musisi pale Kabalagala, anakotengeneza ampu za kukuzia sauti na redio. Jumatatu mchana, baa zikiwa zimelala na wahudumu wakideki sakafu, sisi wapiga besi tulikusanyika pale kama wagonjwa kwenye zahanati. Mmoja ana waya unaokwaruza, mwingine pedali yake ya sauti imemwagikiwa soda, mwingine hana kitu ila bega linamuuma kwa uzito wa mkanda na anataka watu wa kumwelewa. Tulibishana kama nyuzi nne zinatosha au mtu anahitaji tano, kisha mazungumzo yakateleza yenyewe: mwenye nyumba anayekataza mazoezi, mtoto anayeota meno, namna ya kupanda boda na besi mgongoni bila kuvunja kioo cha gari la watu. Wewe ulikuwa husemi sana. Ukisema, unasema moja.

“Nyuzi ine zinatosha,” ulituambia siku ile. “Mutu iko na miguu mbili tu, na bado anaangukaka.”

Nami nikakucheka kwa Kiswahili changu cha kambini, kile nilichorithi kwa baba yangu mwanajeshi, nawe ukanicheka kwamba naongea kama mtu anayeamrisha gwaride. Mimi mtoto wa Lira na wewe mtoto wa Bukavu, tumekutana Kampala kwa lugha ambayo kila mmoja anaona mwenzake anaiharibu!

Unaikumbuka ile chai? Nyuzi za besi zikichoka kwa jasho hatuzitupi. Tunazivua, tunazichemsha kwenye sufuria, tunazianika, na sauti inarudi kung’aa kwa muda. Siku hiyo zako zilikuwa zinatokota kwenye jiko la Musisi, yeye akarudi kutoka dukani, akaona maji yamechemka, hakuchungulia, akamimina majani na sukari. Tulikunywa wote. Musisi mwenyewe ndiye aliyeanza kukunja uso.

“Banange, chai hii ladha yake kama msumari!”

Ulizamisha uma kwenye sufuria, ukainua uzi mrefu unaotiririka chai, ukautazama kwa huzuni. “Basi, leo tutapiga na matumbo,” ukasema. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Mpaka leo nikipita pale nikaona mvuke unatoka kibandani, natabasamu peke yangu na watu wananishangaa.

Lakini ninachokikosa zaidi ni ule mchezo wetu wa kutambua sauti za vitu. Tulikuwa tunatembea kutoka Kabalagala kuelekea Kansanga, hatuna haraka, jua limelegea, na kila kilichovuma tulikipa noti yake. Jenereta ya saluni ilikuwa sol. Mashine ya kusaga mahindi ilianza na re, ikilemewa inashuka. Ile transfoma karibu na duka la simu tuliigombania wiki nzima, mimi nasema ni noti ya la, wewe unasema ni la iliyochoka. Barabara yote ilikuwa inaimba, na ilionekana ni sisi wawili tu tunaoisikia. Sasa nikipita peke yangu nasikia kelele tu, labda kwa sababu sina wa kubishana naye.

Ulipopata safari ya Kanada hukuniaga kwa maneno mengi. Ulinikalisha kwenye kiti chako nyuma ya kwaya, ukaomba rangi yangu ya kucha, na kwa ile rangi nyekundu ukatia alama kwenye kila kitufe cha kuzungusha cha ampu ya kanisa, mahali ulipokuwa umekiacha. Kisha ukasema, “Nichungie fasi yangu, dada.” Nikasema nitaichunga.

Wasiopiga muziki hawaijui desturi hii. Mpiga besi akisafiri, nafasi yake haifi. Anamwachia mwenzake aishike, na mshikaji habadilishi kitu. Anapiga kama mwenyewe alivyopiga, anaacha vitufe vilipo, na siku mwenyewe akirudi, anasimama anampisha bila neno. Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Sisi tumekataa.

Basi nimeishika, Bahati. Nimepiga mapigo yako kwa vidole vyangu, hata pale ambapo mkono wangu ulitaka kwenda kwingine. Kuna mama mmoja wa kwaya aliniambia akifumba macho anadhani wewe upo. Nilimshukuru. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nikajiuliza, basi mimi niko wapi?

Ulikuwa ukipiga simu unaanza na swali lilelile kabla hata ya salamu: “Fasi yangu ungali unaichunga?” Nami najibu ipo, haijasogea, na unacheka kicheko cha mtu aliyewekewa chakula. Halafu simu zikapungua. Ukaniambia kazi ya kukata nyama kwenye chumba cha baridi inavimbisha vidole, kwamba besi iko chini ya kitanda, utaitoa majira ya joto. Majira ya joto yakaja yakapita. Mara ya mwisho tumeongea sana, kuhusu mwanao aliyeanza shule, kuhusu theluji, kuhusu mvua ya kwetu. Nyuma yako friji lilikuwa linavuma, nikakuambia, “Hilo ni noti ya si bemoli.” Ukasema, “Aa, mi sisikiake tena.” Tukaagana. Nilibaki na simu mkononi, ndipo nikagundua kwamba hukuuliza.

Hukuuliza, kaka. Iliniuma kuliko siku uliyoondoka.

Sasa swali la Mama Feza. Amekuja kijana kutoka kanisa jingine, anapiga vizuri, anaomba nafasi ya besi. Mama Feza aliniita pembeni, akanishika mkono. “Akello mwanangu, nimwambie fasi iko na mwenyewe, ao haina?” Nikajua maana yake. Nikisema ni ya Bahati, nitamdanganya mama wa watu. Nikisema Bahati harudi, basi iko wazi, maana mshikaji hana chake. Imebaki njia moja tu: niseme ni yangu. Na kusema ni yangu ni kusema kwa kinywa changu kwamba wewe umekwenda kweli.

Nimeiacha barua hapo tangu juzi. Leo ni Jumamosi, nimetoka mazoezini sasa hivi, viatu bado vina matope ya Kansanga.

Mama Feza aliuliza mbele ya wote, kijana yule amesimama mlangoni na besi yake begani, mpole, hana kosa. Nilipiga moyo konde. Nikasema, “Mama, fasi iko na mwenyewe. Ni mimi.” Hakuna aliyepiga makofi. Mpiga ngoma aliinamisha kichwa, na mama mmoja kwenye mstari wa sauti ya pili akasema “Bahati wetu” polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambamo mtoto amelala. Nikakiinamia kile kitufe cha kati, nikakizungusha kikapita alama yako, kisha nikapiga nilichokuwa nakisikia mimi. Wimbo wa kwanza nilikosea mara mbili. Wa pili nikalia, na vidole havikusimama.

Nilikuwa nimeogopa kwamba ningejisikia kama mwizi. Nilijisikia mpweke, Bahati, na mwepesi, vyote pamoja. Yule kijana nimemwambia aje Jumatatu kwa Musisi, tutamfahamu.

Sikuandikii kukulaumu. Mtu akipanda kwenye ardhi nyingine, mizizi lazima ikae huko. Itoe besi chini ya kitanda ukitaka, mpe mwanao aiguse, au iache ilale, si dhambi. Ila usidhani tena kwamba kuna mtu huku amekaa kwenye ukingo wa kiti chako akikungoja, na usione aibu kupiga simu kwa sababu hiyo. Piga tu. Unisalimie kwanza.

Na siku utakayokuja, njoo mikono mitupu, bila kubeba chombo. Hutapita nyuma ya kwaya. Utakaa mbele na watu, katikati ya kina mama na watoto, pale ambapo mpiga besi hakai kamwe. Miaka yote uliipiga besi ukiwa nyuma ya kwaya, hukupata hata siku moja kuisikia inavyomfikia mtu aliyekaa. Nitakupigia mimi. Wewe usikilize.

Baki salama huko kwenye baridi yako.

Ni mimi dada yako Akello,
mpiga besi wa Kansanga